Tuliibiwa na refa, au tulijiweka wenyewe pale?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Tulifungwa 2-1 na mpaka leo silali vizuri. Tulisawazisha, kisha goli letu la pili likakataliwa eti mtu wetu ameotea, wakati hakuugusa mpira kabisa. Goli lao la ushindi nimelirudia mara ishirini na kila nikilitazama naona mfungaji ameotea. Beki wao akaunawa mpira ndani ya boksi, refa akapeta. Dakika za mwisho straika wetu anaangushwa na mtu wa mwisho, inatoka njano. Ligi yetu haina VAR, yaani waamuzi wa kukagua video. Mimi nasema tuliibiwa. Shemeji yangu anasema aliyetuua ni kocha, anayeng'ang'ania mabeki wacheze juu. Tuamulie. Video za matukio yote manne nimekutumia."

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Video zako nimezitazama zote, na ile ya goli la ushindi nimeirudia mpaka mke wangu akanizimia taa sebuleni. Kwanza ujue unaongea na nani. Nilishika kibendera miaka mingi mpaka magoti yakagoma, kisha nikahamia kazi ya kutathmini waamuzi vijana. Mtu aliyewahi kuzomewa na jukwaa zima huwa na huruma na anayezomewa, hilo sikufichi. Lakini na mimi nina timu yangu, na ikifungwa kwa utata huwa natamka maneno ambayo enzi zangu pembeni ya uwanja ningemwita refa aje atoe kadi.

Nikupe hukumu mapema usije ukasema nazunguka: kati ya maamuzi manne, matatu yalikuwa sahihi au angalau yanateteeka, moja mlidhulumiwa. Shemeji yako naye ameshika nusu ya ukweli, ila si ile nusu anayodhani ameishika.

Tuanze na goli lenu lililokataliwa. Unasema mtu wenu hakugusa mpira, kwa hiyo hakuotea. Wanaoamini hivyo ni wengi, na sheria haisemi hivyo. Kusimama kwenye nafasi ya kuotea, yaani kuwa karibu na goli lao kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili toka mwisho (wa mwisho kwa kawaida ni kipa), peke yake si kosa. Linageuka kosa mchezaji anaposhiriki: akiucheza mpira, akimwingilia mpinzani, au akifaidika na mpira uliogonga mwamba au uliookolewa ukamfuata alipo. Na kumwingilia mpinzani hakuhitaji kugusa kitu. Ukimzibia kipa asiuone mpira, umeshaingilia.

Sasa irudishe video nyuma mpaka kona inapopigwa. Namba 9 wenu amesimama pua kwa pua na kipa, na hapo hana kosa lolote, kwa sababu mpira wa kona hauna kuotea, kama ambavyo wa kurusha na wa golikiki hauna. Kipa anaupiga ngumi, unatoka nje ya boksi. Mabeki wao wanafanya walichofundishwa: wote wanachomoka kwa pamoja kama waliomwagiwa maji. Namba 9 wenu hatoki. Anageuka kuangalia mpira ulikoangukia, mikono kiunoni. Kiungo wenu anaufumua, unakuja chini chini. Mtazame kipa sasa, usimtazame mpigaji. Anainamia kulia, anainamia kushoto, anamchungulia namba 9 kama mtu anayechungulia nyuma ya nguzo, na anapoanza kujitupa mpira umeshampita. Shuti tamu, na kibendera kilikuwa sahihi.

Kumweka mtu mbele ya kipa kwenye kona ni mbinu nzuri, timu kubwa zote zinaitumia. Ila ina sehemu ya pili ambayo mazoezini husahaulika: mpira ukiokolewa tu, na yule mtu atoke na wimbi la mabeki. Kuotea kunahesabiwa upya kila mwenzako anapougusa mpira. Kona haina, shuti linalofuata lina. Namba 9 alihitaji hatua tatu pembeni, na muda wa kuzipiga alikuwa nao. Mimi hilo silipeleki kwa refa, nalipeleka kwa anayewafundisha mipira iliyokufa, yaani kona na faulo.

Nakubali kwamba kipengele hiki kina upana unaoumiza. Tarehe 14 Januari 2023, Manchester United wakicheza na Manchester City pale Old Trafford, pasi ilipenyezwa nyuma ya mabeki, Marcus Rashford akiwa ameotea waziwazi. Akaukimbilia, akawa nao sambamba hatua kadhaa kama anausindikiza harusini, kisha akauacha, Bruno Fernandes akafunga. Kibendera kilipanda, refa akazungumza na msaidizi wake, goli likakubaliwa, United wakashinda 2-1. Maandishi ya sheria yalimpa refa pa kujifichia: Rashford hakugusa, hakumzibia mtu njia. Mimi nasema aliwaingilia, kwa sababu kipa Ederson alijipanga kwa ajili ya shuti la mtu ambaye hakupaswa kuwa sehemu ya mchezo. Pale palikuwa na tafsiri mbili. Kwenye goli lenu sioni ya pili. Kipa alikuwa anachungulia.

Goli la ushindi ndilo nililokeshea. Ile picha uliyoichorea mstari mwekundu umeisimamisha mpira ukiwa umeshaondoka mguuni. Ukuze picha: kuna kama mita moja ya nyasi kati ya kiatu cha mpigaji na mpira. Utasema mita moja ni nini. Chukua hesabu ndogo. Straika anayekimbilia goli kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, na beki anayepanda juu kumwacha kwa mita 4 kwa sekunde, wanapishana kwa mita 12 kila sekunde. Pasi ya nguvu ikisafiri mita 20 kwa sekunde, mita moja ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Katika muda huo straika na beki wamepishana sentimita 60. Maana yake picha yako imempa mfungaji zaidi ya nusu mita ambayo hakuwa nayo pasi ilipopigwa, na ndiyo hiyo hiyo unayomhukumia.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowatesa hata wenye mitambo. Video ya picha 50 kwa sekunde, kwa kasi nilizozitaja, inaruka sentimita 24 kati ya picha moja na inayofuata. Ndiyo maana kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar walifunga kamera 12 za kufuatilia wachezaji, zikisoma alama 29 mwilini mwa kila mmoja mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira wakaweka kifaa kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, ili wajue mguu umeugusa lini hasa. Kwenu kuna binadamu mmoja mwenye kibendera, anayetakiwa kuona mguu wa mpigaji na bega la straika kwa wakati mmoja, na hao wawili wako mita 30 mbalimbali.

Jambo la pili ni pembe. Kamera ya video yako iko karibu na mstari wa kati, kwa hiyo inamtazama mfungaji kwa mshazari. Kutoka pale, mchezaji aliye upande wa mbali na mchezaji aliye upande wa karibu, hata wakiwa sawa kabisa, mmoja ataonekana yuko mbele. Hili nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Kuna mechi moja nilikuwa nimechoka, nikabaki nyuma ya beki wa pili toka mwisho, upande wa golini, kama mita mbili. Straika alikuwa upande wa mbali. Niliinua kibendera kwa imani kubwa, mkono umenyooka kama askari wa gwaride. Baadaye nikaoneshwa video iliyochukuliwa toka upande wa jukwaa, pembe nzuri kuliko yangu: hakuwa ameotea, na hakukaribia kuotea. Sikuwa nimehongwa. Nilikuwa mita mbili nje ya mahali pangu, na mita mbili hizo zilinidanganya macho nikiwa nimeyafumbua.

Kwa hiyo nilifanya ambacho ungefanya ukitulia. Niliisimamisha picha mguu ukiwa bado umegusana na mpira, nikatafuta mstari wa nyasi zilizokatwa kwa kupishana rangi, maana huo unakata uwanja moja kwa moja. Sasa tazama alikosimama beki wenu wa kushoto. Wenzake watatu wamepanda, yeye amebaki nyuma yao kama hatua mbili, kisigino juu ya mstari wa nyasi iliyokoza. Mfungaji yuko upande huu wa mstari huo. Goli halali, na hata kama wangekuwa sawa lingekuwa halali pia, kwa sababu tangu 1990 aliye sawa na beki wa pili toka mwisho hajaotea.

Kuna kitu hukukitaja, pengine hukukiona. Kabla mpira haujamfikia mfungaji, beki wenu wa kati alijinyoosha ukamparaza kidoleni. Wapo watakaokuambia kwamba kugusa huko kulifuta kuotea hata kama kulikuwepo. Hoja hiyo ina historia. Tarehe 10 Oktoba 2021, fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Ufaransa na Hispania zikiwa 1-1, Kylian Mbappé alipokea pasi akiwa ameotea na kufunga goli la ushindi. Likakubaliwa kwa kuwa beki Eric García alijinyoosha kuuzuia mpira ukamgusa, na kwa maelekezo ya wakati ule hiyo ilihesabika kuwa ameucheza kwa makusudi. Kelele zilikuwa kubwa, na Julai 2022 IFAB, wenye sheria, wakafafanua upya: tazama kama beki alikuwa na muda wa kuupanga mwili, kama mpira ulitoka mbali akauona, kama kasi yake ilikuwa ya kawaida. Beki anayejitupa kwa bahati nasibu hamsafishi tena straika aliyeotea. Kwa hiyo mparazo wa beki wenu hauna uzito wowote. Kilichoamua ni kisigino cha mwenzake wa kushoto.

Hapa ndipo namgeukia shemeji yako, anayesema mabeki kucheza juu ni wazimu. Mwambie akumbuke Novemba 22, 2022, uwanja wa Lusail, Kombe la Dunia lile lile la Qatar. Argentina ilikuwa haijafungwa mechi 36. Messi akafunga penalti dakika ya 10, watu wakaanza kuhesabu magoli. Saudi Arabia ya kocha Hervé Renard ikawapandisha mabeki karibu na mstari wa kati na kuwaacha Waargentina wakimbilie nyuma yao. Magoli matatu ya Argentina yakafutwa kwa kuotea kabla ya mapumziko, likiwemo moja la Lautaro Martínez ambalo lilishashangiliwa ndipo VAR ikalifuta. Kipindi cha pili Saudi wakafunga mawili ndani ya dakika tano, yakatosha. Mstari ule ule ambao shemeji yako anauita wazimu uliangusha timu iliyokuja kutwaa kombe.

Tofauti ya Saudi na nyinyi haiko kwenye mstari. Iko kwa mtu mwenye mpira. Mstari wa juu ni ahadi ya pande mbili: mabeki wanapanda, na walio mbele wanahakikisha mpigaji hana nafasi ya kuinua kichwa. Mmoja akivunja ahadi, mwingine anaumbuka. Irudishe video yako sekunde nne kabla ya pasi. Kiungo wao anapokea mpira akiwa amelipa goli lenu mgongo, mtu wenu wa karibu yuko mita nane. Anageuka. Hakuna anayemfuata. Anausukuma mara moja mbele, anainua uso, anachagua. Viungo wenu wawili wanaoneshana vidole, kila mmoja akimwambia mwenzake nenda wewe. Nyuma yao mabeki watatu wanaendelea kupanda kana kwamba presha ipo, wa kushoto amehisi hatari akaanza kurudi. Kwa akili ya beki yule alikuwa sahihi: mwenye mpira akiwa huru, beki anarudi nyuma, hapandi. Waliokosea ni wale watatu, au ni wote wanne kwa kutosema neno moja.

Kwa hiyo goli liliingia kwenye ile hatua ya mita nane ambayo hakuna aliyeipiga. Kibendera kilikuja mwishoni kabisa kuulizwa swali la sentimita.

Na hii si mbinu ya jana, wala si ubunifu wa kocha wenu. Mpaka 1925 ilitakiwa wapinzani watatu wawe kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, na mabeki wa Uingereza walikuwa wameugeuza mtego wa kuotea kuwa biashara. Mechi zilisimama kila dakika. Sheria ikabadilishwa wakawa wawili. Msimu uliotangulia daraja la kwanza la Uingereza lilizaa magoli 1,192. Msimu uliofuata, kwa idadi ile ile ya timu, yakawa 1,703. Kocha Herbert Chapman pale Arsenal akajibu kwa kumrudisha kiungo wa kati akae katikati ya mabeki, na ndiyo asili ya beki wa kati tunayemjua. Sheria ikisogea, makocha wanasogea nayo. Anayetazama mpira bila kuijua sheria anatazama nusu ya mbinu.

Sasa mkono. Hapa nipo upande wako, tena bila kusita. Sheria haisemi kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Inauliza kama mchezaji alikusudia, au kama aliukuza mwili wake isivyo kawaida, yaani mkono ukawa mahali ambapo mwendo wake wa wakati ule haukuhitaji uwe. Na mkono wenyewe unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Bega si mkono. Beki wao alisimama wima, hakuwa anaruka, hakuwa anaanguka, krosi ilitoka mbali akaiona njia nzima, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya bega kama anayesimamisha gari. Penalti. Sina namna nyingine ya kuisoma.

Kwa nini refa alipeta? Simamisha picha umtafute. Yuko nyuma, nje ya boksi, na kati yake na ule mkono kuna watu wanne. Alisikia mguno wa jukwaa, akaona mpira umebadili njia, hakujua umegusa nini. Refa mzuri angetembea hatua tano kwenda kushoto krosi ilipokuwa inatayarishwa, na hilo ni kosa la kazi ambalo ningemwandikia kwenye ripoti yake. Msaidizi wa upande ule angeweza kumsaidia, naye akaufyata. VAR ilipoingizwa rasmi kwenye sheria mwaka 2018 ilipewa mambo manne tu: goli, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na kumwadhibu mtu asiyehusika. Hii ingekuwa ndani ya hayo manne. Ingawa usijidanganye kwamba mashine inamaliza ubishi wa mikono. Robo fainali ya Euro 2024, Ujerumani na Hispania, Jamal Musiala alipiga shuti likagonga mkono wa Marc Cucurella ndani ya boksi, VAR ipo, kamera zipo za kila pembe, penalti haikutolewa, Ujerumani ikaaga mashindano kwa kufungwa 2-1 dakika za nyongeza. Waliosomea uamuzi wenyewe waligawanyika.

La mtu wa mwisho nitalipita haraka. Neno "mtu wa mwisho" halimo kwenye sheria, ni letu sisi mashabiki na watangazaji. Refa anatazama mambo manne: umbali mpaka golini, mchezo unaelekea wapi, uwezekano wa mchezaji kuumiliki mpira, na mabeki wengine wako wapi na ni wangapi. Straika wenu aliusukuma mpira kuelekea kibendera cha kona, akiwa kama mita 35 toka golini, na beki wa upande wa pili alikuwa anakata njia kuja ndani. Ni shambulizi zuri lililovurugwa, si nafasi ya wazi ya kufunga. Njano. Angeusukuma kuelekea golini ningekuambia vingine.

Turudi kwenye ugomvi wenu wa nyumbani, wewe na shemeji. Mnagombana kana kwamba refa na mbinu ni mizani, ukimwongezea huyu lawama unampunguzia yule. Nilivyoona mimi baada ya miaka mingi pembeni ya uwanja ni kwamba kila mbinu huja na utata wake. Kocha anapochagua mfumo, anachagua pia ni kosa gani la refa litakalomuua siku likitokea. Timu ya mstari wa juu itaishi na kufa kwa kibendera: kuotea kwa kidole, goli la sentimita, na zile mbio ndefu ambapo beki akichelewa anamvuta mtu jezi, refa anaanza kuhesabu rangi ya kadi. Timu inayopaki basi haina shida na kibendera hata kidogo, lakini inakaa na watu tisa ndani ya boksi, mashuti na krosi zinawapiga miilini dakika tisini, na siku moja mmoja utamgonga kiwiko. Ukimwona beki anazuia krosi mikono ameifunga mgongoni kama mtuhumiwa, ujue kocha wake anaijua hesabu hii. Wanaokabia juu nao wana yao: wakipokonywa mpira wakiwa wote mbele, hukata mashambulizi ya kushtukiza kwa faulo ndogo ndogo, na refa mkali anawamaliza kwa njano kabla ya mapumziko.

Kwa hiyo swali ambalo ningemuuliza kocha wenu siyo kwa nini anacheza juu. Ningemuuliza kama anajua bei yake. Timu inayocheza juu kwenye ligi isiyo na VAR imeweka ulinzi wake mikononi mwa mtu mmoja anayekimbia kando kando, jua usoni, mashabiki mgongoni. Inaweza kulipa, ila basi wale walio mbele wasimpe mpigaji nafasi ya kuinua uso, na beki wa kushoto na wenzake wawe na sauti moja ya kupanda na moja ya kurudi. Kwenye video zako zote nne sijaona beki hata mmoja akifungua mdomo.

Hata hivyo sitaki shemeji yako ashangilie sana. Kuna makosa ambayo hakuna mbinu inayoyaeleza. Septemba 30, 2023, Tottenham na Liverpool, Luis Díaz alifunga goli halali, kibendera kikapanda. Chumba cha VAR kikaona kwamba hakuotea, lakini waliokuwemo walidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa goli, wakasema ukaguzi umekamilika, mchezo ukaendelea. Walipogundua, mpira ulikuwa umeshaanza, hawakuurudisha. Liverpool walicheza wakiwa pungufu, wakafungwa 2-1 kwa goli la kujifunga dakika za mwisho kabisa. Mabeki wa Tottenham hawakutega kitu, washambuliaji wa Liverpool hawakukosea hatua. Walidhulumiwa, na wasimamizi wa waamuzi wenyewe wakakiri kwamba ni kosa kubwa la kibinadamu. Ukiniambia ule mkono wa beki wao uingie kundi hili, sitabishana nawe, ijapokuwa neno wizi nalihifadhi kwa mtu aliyejua anachofanya. Refa yule hakuona.

Ungetaka nikadirie, penalti ile ingeingia mngetoka 2-2, na mngestahili. Goli lililokataliwa msilidai. La ushindi lao msilidai.

Ukikaa na shemeji kutazama tena, fanyeni hivi: zibeni mpira kwa kiganja kwenye skrini, mtazame waliobaki. Kwenye video ya goli lao la ushindi, anzeni na wale viungo wawili wanaooneshana vidole, kisha hamisha macho nyuma kwa beki wa kushoto. Ameshageuza nyonga kurudi kabla pasi haijapigwa. Yeye peke yake kati ya kumi na mmoja alikuwa ameshaliona lile goli.